Mama alikimbia magwanda, mimi nataka kuyavaa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Louisville, Kentucky. Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na nilifika huku mwaka 2017 pamoja na mama na wadogo zangu wawili. Baba alifariki tukiwa bado kambini. Karatasi zangu zinasema nilizaliwa tarehe 1 Januari 2006, kama karatasi za watoto wengi niliosoma nao. Mama anasema ilikuwa miezi michache kabla ya hapo, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza.

Niko mwaka wa pili chuo kikuu na nia yangu ni uuguzi. Jumamosi na Jumapili nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, na huko ndiko mambo haya yalikoanzia. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia ambaye zamani alikuwa nesi wa jeshi, alitumikia Vietnam akiwa binti wa miaka 22. Ukutani ana picha yake akiwa na gwanda, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, amechoka, anacheka. Mchana anasahau hata jina langu, lakini nikikosea kufunga bandeji mikono yake inanirekebisha yenyewe. Usiku mwingine anaamka na kuniuliza kama helikopta imeshatua. Namwambia, imetua, wote wako salama. Basi analala.

Yeye ndiye aliyeniambia niulize chuoni kuhusu ROTC, ile programu inayomwandaa mwanafunzi kuwa ofisa wa jeshi huku akisomea shahada yake. Nikauliza, nikajiunga na madarasa ya mwanzo. Tuna mazoezi ya viungo saa 12 alfajiri mara 3 kwa wiki, darasa moja, na alasiri moja ya mafunzo ya nje. Sijasaini chochote. Shangazi, nimepapenda. Siku tuliyofundishwa kumbeba majeruhi mabegani nilihisi mwili wangu umepata kazi uliyokuwa ukiitafuta.

Tatizo ni nyumbani. Mama anafanya zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi la kiwanja cha ndege, anarudi wakati mimi naondoka. Nimemwambia naenda kujisomea na wenzangu. Buti na gwanda langu vinakaa kwenye gari la rafiki yangu. Mwezi uliopita nilijaribu kumpima, nikamwuliza angejisikiaje mtoto wake akiwa nesi wa jeshi. Hakunifokea. Alisema: "Baba yangu alichukuliwa na watu wenye gwanda. Nilivuka ziwa usiku, nina miaka 14, kwa sababu ya watu wenye gwanda. Humu ndani gwanda halitaingia." Akaenda kulala na ugali wake ukabaki mezani.

La pili, mkufunzi ameniambia siwezi kusaini mkataba wala kupata ufadhili kwa sababu si raia. Mama aliapa uraia Machi 2023, lakini mimi nina green card tu, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Nilipopita kwenye ofisi ya kuandikisha askari, kaka mmoja akaniambia kwa green card naweza kuingia jeshini sasa hivi kama askari wa kawaida, nipate uraia haraka, unesi utakuja baadaye. Chuoni wanataka uamuzi wangu kabla ya mwaka wa tatu.

Je, niache? Niende kwa yule kaka? Au nisaini kwanza, mama nimwambie mambo yakishakuwa tayari?

Binti wa Nyarugusu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kwa yule kaka usirudi kwanza. Sisemi amekudanganya. Ni kweli mwenye green card anaweza kuandikishwa kuwa askari, na ni kweli utumishi hufupisha njia ya uraia. Ila hiyo ni njia nyingine kabisa, na maneno "unesi utakuja baadaye" yana uzito ambao hakukueleza. Askari wa huduma ya kwanza anafanya kazi kubwa, anaokoa watu, lakini hana leseni yako ya uuguzi. Nesi aliyesajiliwa katika jeshi la Marekani ni ofisa. Wauguzi wa huko walipewa vyeo kamili vya uofisa kwa sheria ya mwaka 1947, na leo huwezi kuwa mmoja wao bila shahada ya uuguzi na leseni. Ukiingia kwa mlango wa askari, ratiba ya masomo yako itapangwa na mahitaji ya kikosi. Wewe tayari uko chuoni, miaka miwili imekwenda. Kwa nini urudi nyuma?

Sasa fungua masikio. Nadhani wewe ni raia.

Ipo sheria ya uraia wa watoto iliyopitishwa mwaka 2000. Inasema hivi: mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani na mzazi mwenye haki ya kumlea, anakuwa raia siku ileile mzazi wake anapokuwa raia. Haombi, hafanyi mtihani, haapi. Mama yako aliapa Machi 2023. Kwa karatasi zako ulikuwa na miaka 17 na miezi miwili. Kwa mvua za vuli za mama yako pia ulikuwa na 17. Kama green card ulishaipata na ulikuwa unaishi naye, kadi hiyo iliyo mfukoni inasema jambo ambalo limeshapitwa na wakati. Nimewaona vijana wetu wengi wakikaa miaka na miaka wakijiita wageni baada ya mama zao kuapa, kwa kuwa siku ya kiapo hakuna aliyewageukia watoto waliokaa viti vya nyuma akawaambia, na nyinyi pia.

Tazama tarehe kwenye cheti cha uraia cha mama, kisha tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye green card yako. Serikali inahesabu ile iliyoandikwa. Rafiki zako wenye karatasi za tarehe 1 Januari 2005, wenye mama walioapa mwezi huohuo wa Machi, wamekosa kwa miezi miwili, hata kama walizaliwa baada yako. Hao itabidi waombe uraia wenyewe. Wewe usijaze fomu ya kuomba uraia, maana anayeomba kitu alichonacho hurudishiwa fomu na ada imeliwa. Unachohitaji ni uthibitisho: ama pasipoti ya Marekani, ama cheti cha uraia kwa fomu N-600. Pasipoti huwa nafuu na ya haraka zaidi. Cheti cha kuzaliwa najua huenda huna. Watoto wa kambini wachache wanacho. Ndipo faili lenu la ukimbizi linapofaa, lile lililowaorodhesha familia nzima, mama juu na watoto chini yake. Mpelekee karatasi hizi mwanasheria wa uhamiaji wa shirika lililowapokea kabla hujatuma chochote.

Ila sasa, hicho cheti cha mama kiko wapi? Kama yeye ni kama mama zetu wengine, kiko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, pamoja na kadi za chanjo na picha ya marehemu baba yako. Huwezi kukichukua kwa siri, na ukiweza usifanye hivyo. Njia ya kwenda kwenye uofisa inapita mikononi mwa mama yako. Nimefurahi kwamba ni hivyo.

Nikueleze kwa nini. Mwisho wa mwaka 1996 nilikuwa nesi kijana mkoani Kigoma, wakati watu wa Fizi na Uvira huko Kongo walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Mama yako angeweza kuwa mmoja wa wasichana niliowapokea; umri ni huohuo. Tulikuwa na akina mama wodini ambao sindano hawakuiogopa, damu hawakuiogopa, lakini akipita mlangoni mtu yeyote mwenye gwanda, hata kijana wa Kitanzania aliyeleta maji, wodi nzima ilinyamaza. Watoto wachanga walinyonyeshwa ili wasilie. Sijasahau ukimya ule. Siku zile alikuja kutusaidia sajini mmoja wa JWTZ, mwanamke, muuguzi. Siku ya kwanza aliingia na gwanda lake, akaona. Kuanzia siku ya pili alikuwa anaacha koti na kofia yake nje, anajifunga kanga, ndipo anaingia. Baada ya wiki mbili hivi mzee mmoja wa kike akamwambia, vaa nguo zako mwanangu, tumeshakujua. Hakuna aliyewahubiria. Alifika kila siku, akawaosha, akawabadilishia vidonda.

Kwa hiyo usimjibu mama yako kwamba jeshi la huku ni tofauti. Hajakuuliza habari za majeshi. Amekueleza kilichompata akiwa na miaka 14, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yako, na wewe ulikuwa na jozi ya buti iliyofichwa kwenye gari la mtu. Kusaini kwanza halafu kumwambia itakuwa mara ya pili watu wenye gwanda kumchukulia mtu wake bila yeye kujua. Neno hilo ni kali, najua.

Mwombe siku asiyokwenda kazini. Anza kwa kuomba radhi kwa ule uongo wa kujisomea na wenzako kabla ya kusema lolote kuhusu jeshi. Mwombe akusimulie habari za babu yako, na akianza usimkatize. Ikichukua usiku mzima, ichukue. Cheti cha uraia kitafuata siku nyingine.

Atakuuliza kama utabeba bunduki. Mwambie ukweli: ndiyo, utafundishwa kulenga shabaha kama kadeti wote. Kwa Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, wahudumu wa afya wa jeshi hawahesabiwi kuwa wapiganaji na haifai kuwashambulia; silaha wanaruhusiwa kubeba kwa ajili ya kujilinda wao na wagonjwa wao. Atakuuliza kama utapelekwa vitani. Unaweza kupelekwa, na ukiambiwa nenda, unakwenda. Kwenye ukuta wa kumbukumbu ya Vietnam pale Washington kuna majina ya wanawake 8, wote wauguzi. Na kuna wale waliorudi. Yule bibi yako wa nyumba ya wazee amevuka miaka 70 na bado anasubiri helikopta itue. Umeiona picha yake akicheka na umeyasikia maswali yake ya usiku, vyote viwili ni vya kazi hiyo moja. Akiwa na asubuhi nzuri mwulize kama angeirudia. Jibu lake ni kubwa kuliko langu.

Lipo jingine ambalo mama huenda asilitamke, lakini mama wa Kivu analifikiria. Unyanyasaji wa kingono upo katika jeshi la Marekani. Wizara yao ya ulinzi yenyewe hutoa ripoti yake kila mwaka. Mwaka 2020 askari Vanessa Guillén, mwenye miaka 20, aliuawa na askari mwenzake huko Fort Hood, Texas, na uchunguzi ukathibitisha kwamba kabla ya hapo alikuwa amenyanyaswa na mkubwa wake kazini. Kelele za familia yake zilichangia kubadilishwa kwa sheria, uamuzi wa kushtaki makosa kama ubakaji ukaondolewa kwa makamanda na kupewa waendesha mashtaka wanaojitegemea. Usimfiche mama hili. Akilisikia kwa mtu mwingine baadaye, hatakuamini tena kwa lolote.

Halafu mweleze kazi yenyewe, maana kichwani mwake jeshi ni porini na usiku. Ukishathibitisha uraia, ukapimwa afya, ukapata nafasi kwenye shule ya uuguzi ya chuo chako, ndipo unasaini mkataba. Kati ya mwaka wa tatu na wa nne kadeti hukusanyika kutoka nchi nzima kwa kambi ya zaidi ya mwezi, na kambi hiyo iko Fort Knox, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka mlangoni kwenu! Kadeti wa uuguzi pia hupata nafasi ya kukaa wiki kadhaa kwenye hospitali ya jeshi chini ya nesi mzoefu. Ukihitimu unakuwa Luteni Usu. Unafanya mtihani wa leseni wa NCLEX kama wenzako wa uraiani, kisha unakwenda kozi ya maofisa wa tiba San Antonio, Texas. Wodi utakazofanyia kazi zina askari, ndiyo, lakini zina pia wake zao, waume zao, watoto wao na wastaafu. Hospitali ya Landstuhl huko Ujerumani, Tripler huko Hawaii, zote zina akina mama wanaojifungua. San Antonio pana kituo kikubwa cha majeraha ya moto ambacho hupokea hata raia wa kawaida.

Kuhusu mkataba, usome ukiwa umekaa, na mtu mwingine ausome nawe. Deni lake ni miaka 8. Kwa kawaida mwenye ufadhili anayeingia jeshi la kudumu hufanya miaka 4 ya kazi kamili, iliyobaki anaishi uraiani lakini jina liko kwenye orodha na anaweza kuitwa. Unaweza pia kuomba utumikie jeshi la akiba au walinzi wa jimbo, wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kila mwaka, huku ukifanya kazi hospitali ya kawaida. Kwa binti ambaye mama yake ana wadogo wawili wa kulea, mimi ningeipima hiyo kwa makini. Ufadhili hulipa karo yote au malazi, ukichagua, na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Hadi sasa huna deni lolote, madarasa ya mwanzo ni ya kuonja. Ukishasaini halafu ukaacha, unaweza kudaiwa fedha zote au kuitwa jeshini kama askari wa kawaida. Kama kinachokuvuta ni karo peke yake, pitia kwanza misaada ya serikali kama Pell Grant, ambayo hailipwi kwa miaka ya mwili wako. Ila barua yako hukuandika hata neno moja kuhusu karo. Uliandika kuhusu kumbeba majeruhi. Nimeliona hilo.

Utajaza fomu ndefu za uchunguzi: mlikoishi, ndugu walio nje, mali. Kama una bibi au mjomba aliyebaki Nyarugusu au Fizi, mwandike. Kuwa na ndugu Kongo si kosa, kuwaficha ndiyo kosa. Kwenye afya, kama mlipofika mlipewa dawa za kifua kikuu kilicholala, tafuteni karatasi za kumaliza dozi. Na kama una pumu iliyoendelea baada ya miaka 13, sema mapema, maana huhitaji kibali maalumu.

Mama akikataa baada ya haya yote? Wewe ni mtu mzima, mwanangu, sheria haimwombi sahihi yake. Lakini una muda hadi mwaka wa tatu, na ningekuomba uutumie wote. Nesi wa uraiani pia anaokoa watu. Louisville ina hospitali, na leseni yako itafaa kokote. Ukiamua kwenda huku yeye bado anaumia, nenda akiwa anajua siku, saa na mahali. Ukiamua kubaki, baki kwa hiari yako, ili usije kumdai siku moja.

Pasipoti ikitoka, hata kama jeshini huendi, mpe aishike yeye kwanza. Ni kiapo chake kilichokupa.

Na leo, kabla hajarudi kutoka zamu, yatoe yale mabuti kwenye gari la rafiki yako. Yaweke hapo mlangoni, pamoja na viatu vya wadogo zako, umsubiri macho.

Shangazi